Msimu wa kilele wa nyota wa kikapu: wachezaji wenzake tuwahesabu vipi?

Mdau wa Jinja
Ndugu zangu, hapa Jinja tunabishana kuhusu msimu upi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ulikuwa mkubwa zaidi: ule wa LeBron James wa 2008-09 au ule wa Stephen Curry wa 2015-16. LeBron alikuwa na wastani wa pointi 28.4, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu anayoidaka) 7.6 na asisti (pasi za kuzaa kikapu) 7.2 kwa mechi, na timu yake, Cleveland, ikashinda mechi 66. Curry alikuwa na wastani wa pointi 30.1, akafunga mitupo 402 ya pointi tatu, timu yake, Golden State, ikashinda mechi 73, na wapiga kura wote wakamchagua kuwa mchezaji bora wa ligi. Wenzangu wanadai kwamba Curry alibebwa na wachezaji wenzake Klay Thompson na Draymond Green, ambao wote wawili walicheza mechi ya nyota mwaka huo, ilhali LeBron alikuwa na Mo Williams tu. Hoja yao kuu ni kwamba LeBron alipohamia Miami mwaka 2010, Cleveland ilishuka kutoka ushindi wa mechi 61 hadi 19. Je, kipimo hicho ni cha haki?

Shabiki wa Lugogo
Ndugu, kipimo hicho kinachanganya mambo mengi. Katika kipindi hichohicho kocha wa Cleveland alifukuzwa, na kati ya wachezaji wake Ilgauskas naye akaenda Miami, Varejão akaumia na kucheza mechi 31 pekee, na Mo Williams akauzwa msimu ukiwa haujaisha. Hasara yote hiyo wenzako wanamwandikia mtu mmoja. Kigeuze upande wa pili uone kinavyopotosha: Chicago ilishinda mechi 57 Michael Jordan akiwepo mwaka 1992-93, na msimu uliofuata, alipokuwa amestaafu, ikashinda 55. Nani atathubutu kusema kwamba Jordan alikuwa na thamani ya mechi mbili?

Afadhali kulinganisha matokeo ya timu ndani ya msimu mmoja, nyota akiwa uwanjani na akiwa amepumzishwa, ingawa hapo pia pana mtego, kwa sababu nyota hupumzika pamoja na wenzake wa kikosi cha kwanza, na anayeingia badala yake akiwa dhaifu sana, nyota huonekana mkubwa kuliko alivyo.

Mwalimu wa hesabu, Mbale
Naongeza kwamba wenzake dhaifu hupunguza ushindi wa timu lakini hunenepesha takwimu za nyota. Mtazameni Nikola Jokić wa Denver. Mwaka 2021-22 mwenzake Jamal Murray hakucheza hata mechi moja, Michael Porter alicheza tisa, na Jokić akawa na pointi 27.1 na ribaundi 13.8; Denver ikatolewa na Golden State katika raundi ya kwanza. Msimu uliofuata wote wawili walirudi, pointi zake zikashuka hadi 24.5, asisti zikapanda kutoka 7.9 hadi 9.8, na Denver ikatwaa ubingwa. Sidhani kama alikuwa amepungua uwezo.

Sisi wenyewe tulimwona Ishmael Wainright akiwa tegemeo la Uganda katika AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, ya 2021 mjini Kigali, kisha akiwa Phoenix katika NBA, penye nyota Chris Paul na Devin Booker, akawa mtu wa kutokea benchi kwa dakika chache.

Shabiki wa Lugogo
Ni kweli, Mwalimu. Kuna jambo jingine ambalo wanaosema Curry "alibebwa" hawaligusi. Green akimwekea Curry kizuizi mbali na kikapu, walinzi wawili humkimbilia Curry, naye humwachia Green mpira, ambaye hujikuta akiongoza wanne dhidi ya watatu. Asisti inayofuata huandikwa kwa jina la Green, lakini nafasi ilitengenezwa na Curry. Ubora wa wenzake, basi, kwa sehemu ni kazi yake mwenyewe, na hatuwezi kumkata alama kwa ajili yake.

Mdau wa Jinja
Nashukuru sana, ndugu zangu. Hoja ya Cleveland kushuka hadi 19 nitaiacha. Hata hivyo bado namchagua LeBron, kwa tofauti ndogo, kwa sababu ya ulinzi: msimu huo aliteuliwa katika kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi, heshima ambayo Curry hakuipata, na dhidi ya Orlando alikuwa na wastani wa pointi 38.5 katika mfululizo wa mechi za mchujo ambao timu yake ilipoteza kwa mechi 4 kwa 2.