"Kocha Stars kutimuliwa": kichwa kama hiki kisomwe vipi redioni?

Mwanjelwa77
Wakuu, habari za asubuhi. Naomba msaada wa wanaokijua chumba cha habari. Kipindi cha kupitia magazeti redioni hapa Mbeya ni dakika 15, magazeti sita, na Stars, timu yetu ya taifa ya soka, ikifungwa kurasa zote ni kocha: amekalia kuti kavu, yuko kikaangoni, kutimuliwa. Msikilizaji wa Uyole hana gazeti mkononi, anabaki na alichosikia. Lipi limetokea na lipi la kuuzia gazeti, nitalijuaje?

Kihesa_Iringa
Mkuu, anza na kitenzi. "Atimuliwa" maana yake limeshatokea. "Kutimuliwa" bado, mhariri ameweka "ku-" kwa sababu hana uthibitisho. "Kuti kavu" na "kikaangoni" hazina tukio lolote ndani yake.

Kisha fungua ndani umtafute mtendaji. Katimuliwa na nani, kikao gani, lini? Aya tatu za mwanzo zikiwa na "chanzo cha kuaminika ndani ya TFF" (shirikisho la soka Tanzania) tu, bila jina wala taarifa yenye tarehe, hiyo ni tetesi. Tamka neno "tetesi" kabla ya kusoma kichwa, maana wengi hawasubiri sentensi ya pili.

Na tusimbebeshe mwandishi kila kitu. Kichwa hutungwa na mhariri, na nafasi aliyonayo ni maneno matatu au manne ya herufi kubwa.

Mzee wa Tukuyu
Niongeze hapo. Kufukuzwa, kusimamishwa na kusitisha mkataba ni mambo matatu tofauti, na magazeti huyachanganya. Julai 2019, baada ya Stars kupoteza mechi zote tatu za AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) kule Misri (2-0 Senegal, 3-2 Kenya, 3-0 Algeria), TFF na kocha Emmanuel Amunike walikubaliana kusitisha mkataba. Januari 2024 kocha Adel Amrouche alisimamishwa, baada ya CAF (shirikisho la soka Afrika) kumfungia mechi 8 kwa kauli zake kuhusu Morocco. Kusimamishwa hakuvunji mkataba. Anayefukuzwa kabla ya muda anaweza kudai fidia, kwa hiyo neno moja lina hela ndani yake.

Aliyeachiwa timu siku ile ni Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco! Hapo kiambishi ndicho kinachookoa: "Morocco aita kikosi" ni kocha, "Morocco yaita kikosi" ni nchi. Ukimeza silabi hiyo hewani umeshabadilisha habari.

Makambako Junction
Mnasahau usimba na uyanga, ushabiki wa klabu za Simba na Yanga. Kikosi kikitajwa, kabla ya kusoma lawama hesabu wachezaji wa kila klabu, halafu angalia mlalamikaji anamtetea nani. Amunike alipowaengua wachezaji sita wa Simba mwaka 2018 kwa kuchelewa kambini, jambo la nidhamu liligeuzwa kuwa vita ya klabu.

Andika pia mpinzani, nyumbani au ugenini, matokeo na msimamo wa kundi. Novemba 2018 Stars ilifungwa 1-0 na Lesotho, ugenini. Machi 24, 2019 ikaifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Kocha yule yule, miezi minne tu. Hata Ufaransa, gazeti la michezo L'Équipe lilimsakama kocha wa taifa Aimé Jacquet hadi alipotwaa Kombe la Dunia 1998, na hakuwasamehe.

Mwanjelwa77
Nimeelewa hilo la "ku-". Na mechi za usiku je? Kuna siku gazeti linamchambua kocha na matokeo halina.

Kihesa_Iringa
Magazeti yanachapwa Dar, na kutoka huko hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mechi ikiisha saa 5 usiku, mara nyingi kurasa za mikoani zimeshafungwa, kwa hiyo uchambuzi huo uliandikwa kabla ya mpira kuanza. Taja matokeo kwanza kutoka taarifa ya TFF au CAF, ndipo usome gazeti, na useme wazi kwamba liliandikwa kabla ya mechi.