Joto la usiku Amu (Lamu): ni bahari au ni mabati?

Mleta hoja, Mkomani

Assalamu alaikum. Swali hili lilizuka barazani baada ya alasiri, likatushinda kumaliza, nami nalileta kwenu. Mmoja wetu alisema joto la Amu siku hizi ni la kujitakia: tumeacha mawe na makuti, tumejenga kwa tofali na mabati, miti tumekata, sasa twalia. Habari za dunia kupata joto, alisema, ni maneno ya semina. Mimi sikubaliani naye.

Tuanze na kisiwa chenyewe. Hewa tunayovuta hapa, iwe ni upepo wa kaskazi au wa kusi, imepita juu ya maji kabla ya kutufikia. Maji yakipata joto, upepo nao hautupozi kama zamani. Nairobi kipimo cha mchana na cha usiku huachana kwa nyuzi 10 au zaidi. Kwetu ni kama nusu ya hiyo, kwa sababu bahari hairuhusu usiku upoe. Mwezi wa Machi na Aprili, kwenye maleleji, kaskazi imelegea na kusi haijashika, kipimo hukaa kwenye nyuzi 25 au 26 mpaka alfajiri.

Bahari hiyo imebadilika. Upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi, kati ya 1901 na 2012, maji ya juu yalipanda kwa nyuzi 1.2 hivi katika miezi ya Juni hadi Septemba. Angalieni ni miezi gani: ni ya kusi, ile ile tunayoingoja ituburudishe. Na msidharau hiyo nyuzi moja na kidogo. Wastani wa mwezi wetu wa joto kabisa na wa ule wa baridi kabisa hutofautiana nyuzi 3 hivi tu. Ukiongeza nyuzi moja umekwenda theluthi ya safari kutoka Agosti kuelekea Aprili. Tena kila nyuzi moja huipa hewa nafasi ya kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke ukizidi jasho halikauki. Hapo ndipo mtoto analia usiku kucha na mama hajui ampepee na nini.

Kama ni mabati, basi nani aliezeka mabati chini ya maji? Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe na mengi yakafa. Tumbawe huishi na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake, unaolilisha na kulipa rangi. Maji yakizidi kama nyuzi moja juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wa joto, yakakaa hivyo majuma kadhaa, tumbawe humfukuza yule mwenzake, na asiporudi hufa kwa njaa. Pale hapakuwa na tofali wala saruji.

Fundi wa Langoni

Sahib, sikupingi kuhusu bahari, lakini umeruka nyumba. Mimi nimejenga za mawe na za tofali. Nyumba ya kale ukuta wake ni kama nusu mita, mawe ya matumbawe na chokaa. Jua linapiga tangu asubuhi na ndani hujui. Kuna daka la kuingilia, kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, cha kupandishia hewa ya moto juu. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti, nguzo ya mkoko inayobeba dari, ina mwisho wake. Nyumba ya leo ni ukuta wa inchi sita, dirisha dogo la kuogopa mwizi, na jirani amejenga mkono mmoja kutoka kwako. Upepo upite wapi? Hiyo si bahari. Hiyo ni sisi.

Mpangaji, Wiyoni

Naomba niseme kama mwanamke anayelala ndani ya hayo mabati. Hakuna aliyeyachagua kwa kupenda. Makuti yameshika moto mji huu si mara moja, na kila aliyeona anajua moto ule hausubiri ndoo. Boriti nazo, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, zilipotea na wakataji wakakaa bila kazi, ingawa Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Nyumba ya mawe na chokaa leo ni ya mwenye pesa. Sasa mkiniambia joto ni kosa langu kwa kuezeka nilichoweza kununua, mnaniumiza mara mbili.

Mzee wa Shela

Joto lilikuwepo, wanangu. Sisi tulilala darini, juu ya nyumba, tangu utoto. Kuna miaka ya moto na miaka ya baridi, El Niño huja ikaenda. Msitie watu hofu.

Mleta hoja, Mkomani

Shikamoo mzee wangu. El Niño huja na kwenda, ni kweli, na 1998 ilikuwa yake. Ndiyo maana wapimaji wa hali ya hewa hawaangalii mwaka mmoja. Huchukua wastani wa miaka 30, wakalinganisha 1961–1990 na 1991–2020. El Niño ikiondoka, maji hayarudi pale yalipokuwa. Wimbi hupanda na kushuka, lakini sisi tunazungumzia maji kujaa.

Fundi, kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye nafasi za upepo, juu ya ardhi, mbali na ukuta. Hakipimi chumba cha mtu. Kwa hiyo mimi na wewe tunazungumzia joto mbili: la nje, ambalo bahari imelipandisha, na la ndani, ambalo nyumba hulizidisha. Nakiri la pili nililipita haraka. Ila usiyabebeshe mabati kila kitu. Bati huchoma mchana, lakini jua likizama hupoa upesi. Kinachotunza moto hadi saa sita za usiku ni zege na ukuta mwembamba usiopigwa na upepo.

Dada wa Wiyoni, umenibadilisha. Nilikuja nikitaka nyumba mpya zifuate sheria za mji wa kale. Sasa naona huko ni kumtoza maskini gharama ya joto asiloliwasha. Kenya nzima haifikishi hata asilimia 1 ya hewa chafu inayopasha dunia joto, na watu wa Lamu ndio waliosimama kupinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi mpaka Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) likafuta kibali chake Juni 2019. Ninachotaka kaunti ifanye ni kingine: ikigawa viwanja iache njia za upepo kufuata kaskazi na kusi, ikataze nyumba kubanana, na miti ya vivuli ipandwe kabla ya watu kuhamia. Hayo hayahitaji chokaa wala boriti.

Mpangaji, Wiyoni

Na sisi tulio ndani tayari?

Mleta hoja, Mkomani

Dari la mkeka au mbao chini ya bati, lenye nafasi ya hewa katikati, hupunguza sana. Chokaa nyeupe juu ya bati pia. Kama fundi ataniunga mkono tujaribu nyumba moja Wiyoni kabla ya maleleji yajayo, kipimajoto kimoja ndani yake na kimoja kwa jirani asiyewekewa dari, tusome saa nne za usiku kila siku kwa mwezi mmoja. Kipimajoto kimoja ninacho.

Fundi wa Langoni

Mbao nitatoa mimi. Niambieni nyumba ipi.