Tiketi ya Nyanya

Baba: Tiketi ya mama yangu, Nyanya wenu, imetoka. Jumamosi anaondoka Nairobi saa 2:00 asubuhi, anafika Kigali saa 2:25. Dakika 25 tu! Mbona ni karibu hivi?

Shangazi Kigali: Kaka, hiyo 2:25 ni saa ya huku. Sisi tuko nyuma yenu kwa saa moja. Kwenu itakuwa 3:25.

Baba: Kumbe. Kwa hiyo ni saa moja na dakika 25 angani.

Kitinda: Si zote angani Baba. Wanahesabu tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama kabisa. Moja kwa moja ni kama kilomita 755 tu, lakini kuna kupanga foleni ya kuruka, kupanda juu, halafu kushuka polepole.

Mjomba: Basi lingetosha jamani. Lengo ni lile lile, kufika.

Shangazi Kigali: Mjomba, kwa miaka yake? Basi haliwezi kukata Ziwa Victoria, linalizunguka kwa juu. Malaba, Kampala, Gatuna ndipo uingie Kigali. Ni zaidi ya kilomita 1,100, na mipaka miwili ya kushuka usiku na mizigo. Mimi nilitoka Nairobi jioni nikafika kesho yake usiku, miguu imevimba. Mama hapandi basi.

Mjomba: Hapo nimekubali. Sikufikiria mipaka.

Mama: Pasipoti yake iliisha muda 😟

Shangazi Kigali: Kitambulisho cha taifa kinatosha wifi, Wakenya wanaingia nacho tangu 2014. Ila msimfungie vitu kwenye mifuko ya plastiki, huku ni marufuku. Tumia kikapu.

Mama: Asante, nilishapanga unga kwenye mifuko. Naufungua leo.

Baba: Uwanjani awe saa 11 alfajiri. Nitampeleka mwenyewe, tutoke nyumbani saa 10.

Kitinda: Na wakati wa kurudi msishtuke. Anatoka Kigali saa 10:00 jioni, anatua saa 12:25. Inaonekana ni safari ndefu, kumbe ni ile ile, ile saa moja aliyopata akienda anairudisha.

Mama: Nyanya yuko hapa kando yangu, anauliza atakaa dirishani?

Kitinda: Ndiyo, nimemchagulia. Mwambie akiona maji yasiyo na mwisho chini, hilo ni ziwa, yuko karibu katikati ya safari.

Mama: Anauliza pia, saa yake ya mkono aibadilishe?

Shangazi Kigali: Asiiguse! Dawa yake ya presha anameza saa 2 usiku. Huku itakuwa saa 1. Akifuata saa ya Kigali atachelewa kila siku.

Mama: Amecheka. Anasema saa inabaki ya nyumbani, na wewe uwe umepika kabla ya saa 1 ya huko.

Shangazi Kigali: Sawa Mama. Nitakuwa mlangoni pa uwanja kuanzia saa 2 ya huku ❤️