Dinari ya Kaisari: maandishi yake yalisema nini hasa?

Mwalimu, Dodoma
Ndugu zangu, habari za jioni. Juzi katika kipindi cha dini tulisoma Mathayo 22, pale Yesu anapotaka aoneshwe fedha ya kodi na kuuliza sura na maandishi yaliyo juu yake ni ya nani. Mwanafunzi mmoja akauliza maandishi hayo yalisemaje. Nilimjibu kwamba lilikuwa jina la Kaisari, lakini jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Naombeni msaada.

Mzee wa Kondoa
Mwalimu, huyo mwanafunzi ameuliza jambo la msingi. Wataalamu wengi wanaamini ilikuwa dinari ya Tiberius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Ni kisarafu cha fedha kisichofika gramu 4, chenye kichwa cha mtawala aliyevikwa shada la majani, na kukizunguka kuna maneno yaliyofupishwa: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus aliyefanywa mungu. Itazame hiyo herufi F peke yake: ni kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya mwana, nayo ndiyo iliyobeba dai lote la utawala wake. Ukiigeuza unakuta PONTIF MAXIM, kuhani mkuu, pamoja na mwanamke aliyeketi. Basi Myahudi aliyelipa kodi alishika kiganjani tamko ambalo imani yake ilimkataza kulikiri, na ndiyo maana swali lile la kumlipa Kaisari kodi lilikuwa zito.

Kijana wa Singida
Shikamooni. Naongeza kwamba hata waliompinga mtawala walitumia sarafu. Brutus, mwanasiasa wa Roma, baada ya kushiriki kumuua mtawala Julius Caesar mwaka 44 KK, alitoa dinari yenye majambia mawili na, katikati yake, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Chini yake pameandikwa EID MAR, yaani Machi 15, siku ya mauaji. Linalonisikitisha ni kwamba upande wa pili aliweka sura yake mwenyewe, ilhali Caesar alikuwa amechukiza wengi kwa kufanya hivyohivyo.

Mwalimu, Dodoma
Marahaba, kijana wangu. Mzee, nashukuru sana. Kesho nitaanza na shilingi yangu ya mwaka 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika Mwenge upande wa pili, wanafunzi waisome kwanza ndipo niwachoree dinari ubaoni. Je, yule mwanamke ni nani?

Mzee wa Kondoa
Wengi humtambua kuwa ni Livia, mama yake Tiberius, aliyechorwa kwa umbo la Pax, mungu wa kike wa amani. Mchore akiwa ameshika tawi.