Ulinganisho: ngao ya mionzi ya kwenda Mirihi – alumini, plastiki, maji au sumaku?

Mtazamanyota
Wakuu, hesabu imenigomea. Kipimo cha mionzi kilichosafiri na roboti ya Curiosity kwenda Mirihi (2011–2012) kilisoma kama milisivati 1.8 kwa siku (milisivati ni kizio cha mionzi ambayo mwili unapokea). Siku 180 kwenda na 180 kurudi ni 648, siku za kukaa huko sijazigusa. Kikomo cha NASA kwa mwanaanga ni 600 kwa maisha yake yote ya kazi. Kwa nini tusiongeze tu unene wa alumini?

fundi_ngao
Utajichongea, mkuu. Mionzi hiyo mingi ni miale ya kosmiki. Mwale mmoja ni kiini cha atomu, mara nyingine kizito kama cha chuma, kinachokimbia karibu na kasi ya mwanga. Kikigonga kiini cha alumini, vinapasukapasuka na kumwaga nyutroni ndani ya chombo. Umezuia jiwe, umepokea changarawe. Haidrojeni kiini chake ni protoni moja, hakina cha kupasuka. Ndiyo maana kwa uzito uleule polithini, plastiki yenye haidrojeni tele, inaishinda alumini.

Bi Protoni
Mimi nipeni maji. Yana haidrojeni tele, na utayabeba utake usitake.

kipanga
Yakishanywewa ngao iko wapi? 😂

Bi Protoni
Inarudi chooni, kaka. Kule kituo cha anga cha ISS mkojo na jasho husafishwa vikanywewa tena.

kipanga
Basi sawa. Lakini chombo cha Juno kule Mshtarii, kompyuta zake zimo ndani ya sanduku la titani, kuta kama sentimita 1. Metali hiyo!

fundi_ngao
Adui ni mwingine. Kule kinachosumbua zaidi ni elektroni zilizonaswa na sumaku ya Mshtarii, na hizo metali inazipunguza vizuri. Uliza kwanza unapigwa na nini.

Mtazamanyota
Na sumaku? Dunia si inajikinga hivyo?

fundi_ngao
Sumaku ya Dunia ni dhaifu, ila imetanda maelfu ya kilomita. Chombo kidogo kitahitaji koili za sumaku (nyaya zilizoviringishwa) zenye nguvu kubwa, mitambo ya kuzipoza na umeme wa kuziendesha. Bado ni mambo ya maabara.

Bi Protoni
Tusichanganye na dhoruba za jua. Ile ya Agosti 1972 ilipiga katikati ya Apollo 16 na Apollo 17, bahati tupu. Protoni zake nyingi hazina nguvu kama za miale ya kosmiki, na zinapita baada ya saa au siku chache. Ndani ya Orion, chombo cha NASA cha kubeba watu, wanaanga watajibana katikati na kujizungushia mifuko ya mizigo. Safari yake ya majaribio bila watu, Artemis I (2022), ilibeba wanasesere wawili wenye vipimo, Helga na Zohar. Zohar alivaa kizibao cha kinga, Helga hakuvaa.

kipanga
Maskini Helga.

Mtazamanyota
Nimerudia hesabu: siku 120 kwenda, 120 kurudi, ni 432. Ina maana injini yenye kasi ndiyo ngao?

fundi_ngao
Kwa miale ya kosmiki, mimi pesa yangu ningeiweka huko. Plastiki na maji viwe chumba cha kujifichia dhoruba.