Babu alipiga akodiani jeshini: nianzie wapi kumtafuta?

Mjukuu, Maseno: Shikamooni. Babu mzaa baba alikuwa mwanamuziki katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akafika Burma. Tumebaki na nishani yake ya nyota na picha akiwa ameshika akodiani. Nitajuaje alihudumu katika kikosi gani?

Mwalimu mstaafu, Kakamega: Marahaba, mjukuu wangu. Tafuta kwanza cheti cha kuachishwa jeshi, kwa maana namba ya askari iliyomo humo ina thamani kuliko nyota, ambayo kwa kawaida ilitolewa bila jina. Ukishajua kikosi, shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, zitakuonyesha kilikopita. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwa mfano, ilipigana katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944.

Msomaji, Nakuru: Naongeza kwamba bendi ya gwaride na kikosi cha burudani ni mambo mawili tofauti. Fundi Konde, ambaye baadaye alivuma kwa gitaa lake, alihudumu katika kikosi cha kuwatumbuiza askari, na kwa maoni yangu akodiani inaelekeza huko zaidi kuliko kwenye gwaride. Kabla ya kwenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, warekodi wazee wanaokumbuka nyimbo alizorudi nazo, kwani hizo hazimo katika jalada lolote.

Mjukuu, Maseno: Nashukuru sana. Shangazi anatunza sanduku la karatasi zake, nitaanzia hapo.