VJ akisimulia filamu bila ruhusa ya mwenye filamu: tumfungie au tumlipe?

MTEJA WA BUSIA
Mada ndiyo hiyo. Naianzisha mimi kwa sababu nimechoka kuisikia ikijadiliwa na watu ambao hawajawahi kutoa hata shilingi mia kwa ajili ya filamu.

Kwa ndugu wa Tanga na Mombasa ambao hawajafika kwetu Uganda: filamu ya nje, iwe ya Kihindi, ya Kikorea au ya Marekani, Mganda wa kawaida haitazami kama ilivyotoka kwa wenyewe. Anaitazama ikiwa na sauti ya VJ juu yake. VJ anatafsiri kwa Kiluganda, anaeleza kwamba huyu ni shemeji wa yule, anamtania jambazi, anamwonya shujaa kabla hajapigwa risasi, halafu anataja jina lake ili usisahau kazi ni ya nani. Zamani alikaa ndani ya kibanda cha video na maikrofoni mkononi, akishusha sauti ya filamu kila alipotaka kusema. Siku hizi anarekodi studio, na kazi yake inatufikia kwenye maduka tunayoyaita laibrari, ambako kijana mwenye kompyuta anakujazia flashi.

Wanaotaka afungiwe wana sheria upande wao. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inasema haki ya kutafsiri kazi, au kumruhusu mwingine aitafsiri, ni ya mtunzi. VJ hajaandika barua Mumbai wala Seoul. Laibrari haijapeleka senti huko. Hapo sibishani na mtu.

Lakini nisikilizeni mimi ninayelipa. Nikifika laibrari siulizi filamu. Nauliza, "Kuna ya Junior mpya?" au "Hiyo kaifanya Jingo au nani?" Nikiambiwa ni ya VJ nisiyemjua naiacha, hata kama imesifiwa dunia nzima. Pesa yangu inaifuata sauti. Kuna VJ nimemsikia akikiita kituo cha polisi cha Hong Kong CPS, yaani kituo kikuu cha polisi cha Kampala, na jambazi aliyekuwa anakimbia akaambiwa adake boda awahi Natete, mtaa wa huko huko Kampala, kabla ya foleni. Chumba kizima kiliangua kicheko, na mama mmoja jirani yangu, ambaye hajui Kichina wala Kiingereza, akaanza kumshauri jambazi njia za mkato. Hiyo ni kazi. Aliyeifanya hakuiba ule utani kwa mtu.

Tena chukueni filamu ya kwetu iliyotutangaza kuliko zote, Who Killed Captain Alex?, aliyoitengeneza Isaac Nabwana pale Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwaka 2010. Nakala isiyo na msimulizi haipo tena. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili filamu iliyofuata ipate nafasi. Iliyosalia ni ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie, na ndiyo hiyo watu wa Ulaya na Marekani wanaitazama mpaka leo. Picha ina ukungu, helikopta ni ya kuchora kwenye kompyuta. Mtoeni Emmie humo halafu mniambie mmebaki na nini.

Kwa hiyo msimamo wangu: asifungiwe. Laibrari na vibanda vilipe ada ndogo ya kila mwaka, sehemu iende kwa wenye filamu na sehemu kwa VJ. Karibuni.

MWALIMU, TORORO
Ndugu mteja, umeandika vizuri, ila umechagua mifano inayokubeba. Filamu ya ngumi na helikopta haiharibiki kwa kelele, imezaliwa na kelele. Jaribu Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016. Lupita Nyong'o anamwigiza Harriet, mama yake Phiona Mutesi, yule msichana wa sataranji wa Katwe, mtaa wa Kampala, na kazi yake kubwa ameifanya kwa macho na kwa kunyamaza. Mama hana kodi ya nyumba, binti anarudi na ndoto za sataranji, mama anamwangalia tu. Nina DVD yake halali. Kisha nikaiona kwa jirani, na VJ juu. Pale mama aliponyamaza, VJ akaona nafasi ya kazi: akamtungia mama maneno, akaongeza utani kuhusu wanaume wa Katwe, akamalizia kwa salamu kwa wateja wake. Jirani akacheka. Mimi nikainuka nikaenda kuota jua.

Halafu waigizaji wa filamu hiyo wanasema Kiingereza cha kwetu, kile cha sokoni, kwa lafudhi ambayo Mganda anaijua. Ni mara chache sana Disney imekuja kututazama kwa heshima hivyo. Sisi wenyewe tukaifunika lafudhi yetu kwa sauti ya mtu mmoja anayeigiza wote, kuanzia bibi hadi mtoto.

Unasema pesa yako inaifuata sauti. Basi VJ atunge hadithi zake, asimulie redioni, nitamlipa. Kupanda juu ya kazi ya watu kisha kudai umaarufu ni wako, huo si usanii.

MUUZA FLASHI, ARUA
Mwalimu, salamu. Mimi ndiye huyo kijana mwenye kompyuta, ingawa ujana umeanza kuniaga.

Watu mnadhani sisi tunaokota filamu barabarani. Filamu zilizotafsiriwa nazinunua kwa wakala wa VJ kutoka Kampala. Nalipa. Zikifika tu, mteja mmoja anajaziwa flashi, anavuka barabara, na jioni jirani yangu anauza zilezile kwa bei ya chini. VJ naye anajua, ndiyo maana anaandika namba yake ya simu juu ya picha na katikati ya filamu anasimamisha hadithi kuwalaani wanaonakili kazi yake. Analia kwa uchungu kabisa, juu ya filamu ambayo yeye mwenyewe hakuomba ruhusa! Mimi hucheka, lakini namwelewa. Analala usiku akirekodi.

Mnaosema watu watazame kwa njia halali mtandaoni, njooni muone bei ya bando. Tangu Julai 2021 intaneti ina ushuru wake wa asilimia 12. Filamu moja kwenye simu inamaliza bando la wiki, na mtandao ukikatika katikati hakuna wa kukurudishia. Kwangu ni mia tano, unaondoka nayo, unatazama hata kama umeme hauna mpango na wewe. Vibanda navyo vilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na sehemu za burudani zikaja kufunguliwa Januari 2022. Wenye vibanda wengi ninaowafahamu hawakurudi. Waliuza viti na jenereta. Waliobaki ni sisi wa flashi. Mkitufunga na sisi, mama wa soko la Arua atatazama wapi?

AFANDE MSTAAFU
Mimi lawama yangu kwa VJ ni nyingine. Nimefanya kazi Gulu, Mbarara, Moroto na Kasese. Kila mahali askari wanaongea Kiswahili. Mpakani Kiswahili. Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, Julai 2022. Filamu? Kiluganda, Kiluganda, Kiluganda. Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, watu wamecheka kwa Kiswahili miaka mingi. Forest Whitaker, Mmarekani, alijifunza Kiswahili ili amwigize Amin katika The Last King of Scotland, filamu ya 2006, na akaondoka na Oscar. VJ wa Kampala anashindwa nini? Wafungieni wanaokataa Kiswahili, wengine waacheni.

MUUZA FLASHI, ARUA
Afande, heshima yako. Niliwahi kuleta za DJ Afro. Waliozichukua ni madereva wa malori na familia za Kinubi. Wengine walisema anaongea kama yuko Nairobi. Wateja wa Kiswahili wapo, ila wanatawanyika: huku wanataka cha Kenya, kule cha Kongo, wewe unataka cha kambini.

MWIGIZAJI, NAKAWA
Nimesoma yote, na naona mnawagombania Wahindi na Wamarekani ambao hata hawajui kama Arua ipo. Disney haitalala njaa kwa mia tano ya Busia. Anayelala njaa ni mimi.

Hesabu ni hii. Tunatengeneza filamu hapa. Tunakodi kamera, tunalipa chakula cha watu, mwenye nyumba anataka pesa ya eneo, LC, kiongozi wa serikali ya mtaa, anataka heshima yake, jenereta inataka petroli, na mvua ikinyesha siku imepotea. Miezi inapita. Filamu inatoka, inafika laibrari, inawekwa kwenye orodha ileile na filamu ya Marekani iliyogharimu mamilioni ya dola, kwa mia tano ileile. Ile ya Marekani imeingia dukani bila gharama ya kuitengeneza, imeongezewa VJ anayependwa. Yangu mteja anaiita "ya kienyeji" na anaomba apunguziwe. Nitashindana vipi na bidhaa ambayo mtaji wake ni sifuri?

Ndugu mteja, umemtaja Nabwana, ila hukumaliza hadithi yake. Wale waigizaji wa Wakaliga walikuwa wanatembeza DVD zao mlango kwa mlango, mbio mbio, kwa sababu walijua baada ya siku chache nakala za wizi zingejaa mtaani na biashara yao imekwisha. Mwigizaji aliyepigwa teke kwenye filamu ndiye huyohuyo anagonga mlango wako na mfuko wa diski. Mliokuwa mnacheka, mlinunua kwake au mlingoja ya laibrari?

Simchukii VJ. Wengine ni marafiki zangu, na VJ mmoja aliwahi kunisaidia kuitangaza filamu yangu bure. Nataka tu mjue bei ya mia tano inalipwa na nani.

MWALIMU, TORORO
Dada, umesema nililoshindwa kulisema. Nami naongeza muziki. Wasanii wetu waliacha zamani kutegemea mauzo ya albamu. Hapa ukisikia fulani "anazindua albamu", maana yake kuna tamasha Lugogo na tiketi za VIP. Albamu yenyewe huioni dukani, nyimbo zake zilishazunguka kwenye flashi na boda miezi kabla. Mwanamuziki amepata jukwaa la kujiokoa. Mtu wa filamu ana jukwaa gani?

MTEJA WA BUSIA
Mwalimu, kuhusu Queen of Katwe nakubaliana nawe nusu. Huyo VJ alikuwa mbovu, na mbovu yupo kila fani. VJ mzuri anajua pa kunyamaza. Kwenye filamu za Kihindi nimewasikia wakiuacha wimbo mzima upite, na mama akilia wanamwacha alie. Tatizo ni kwamba hakuna anayewahukumu. Gazeti litachambua mechi ya Villa na KCCA kurasa mbili, lakini hutasoma mstari mmoja kwamba tafsiri ya juzi ilikuwa ovyo. Tukianza kuwachambua kama wasanii watashika adabu.

Na laibrari nazo tuziseme, maana mimi ni mteja na nina madukuduku yangu. Kuna duka liliniuzia filamu "mpya kabisa, safi". Kufika nyumbani nakuta imepigwa kwa simu ndani ya ukumbi wa sinema. Vichwa vya watu vinapita mbele ya skrini, mtu anakohoa upande wa kushoto filamu nzima, na VJ, badala ya kuona aibu, anamtania anayekohoa. Niliporudi kulalamika nikaambiwa mpya huwa hivyo.

Dada wa Nakawa, hoja yako ndiyo inayonifanya nishikilie ada. Leo filamu ya nje haina gharama, ndiyo maana inakuua. Ikitozwa ada, muuza flashi atalazimika kuiuza elfu moja, yako ibaki mia tano, au yako isamehewe ada kabisa kwa miaka kadhaa. Ukimfungia VJ hutapata hao wateja. Watahamia kwa DJ wa Kenya au watatazama mpira.

MWIGIZAJI, NAKAWA
Na ada hiyo ataikusanya nani? Muziki una UPRS, chama cha kuwakusanyia wanamuziki malipo ya kazi zao, miaka yote hii, na bado wanamuziki hawajaacha kulalamika juu ya kinachowafikia. Ikusanywe halafu ipelekwe Hollywood, mimi nipate nini? Ukitaka nikuunge mkono, sema sehemu ya ada iingie kwenye mfuko wa filamu za hapa, na uandike asilimia. Bila asilimia hayo ni maneno.

MTEJA WA BUSIA
Theluthi kwa wenye filamu, theluthi kwa VJ, theluthi kwa mfuko wenu.

MWALIMU, TORORO
Kwa hiyo mwenye mali apate theluthi ya mali yake mwenyewe, bila kuulizwa?

MTEJA WA BUSIA
Sasa hivi anapata nini, mwalimu?

AFANDE MSTAAFU
Theluthi ya VJ iwe kwa wanaotafsiri Kiswahili.

MUUZA FLASHI, ARUA
Mimi nitakayelipa hakuna aliyeniuliza. Nipo tayari kulipa, ila kwa masharti. Risiti iwe moja. Leo nalipa leseni ya manispaa, kodi ya chumba, umeme, wakala wa VJ, na kuna watu huja na vitambulisho vya ofisi nisizozijua, wanaangalia kompyuta yangu, wanaondoka na chochote. Nikilipa ada yenu, karatasi yake ibandikwe ukutani, na yeyote atakayeingia baada ya hapo aisome kisha aende zake. Na jirani ng'ambo ya barabara alipe pia. Asipolipa yeye, mimi ada yangu mwaka wa pili hamtaiona.

MWIGIZAJI, NAKAWA
Ndugu wa Arua, una filamu ngapi za Kiganda kwenye hiyo kompyuta?

MUUZA FLASHI, ARUA
Chache, dada. Leta yako, nitaiweka juu ya orodha. Ila uiletee VJ.